Shairi Linalolowekwa Siku Kumi na Mbili

Jumamosi, 4 Novemba

Nimekuwa mshairi. Imetokea leo baada ya alasiri, barazani kwa shemeji Yeslam, kati ya kikombe cha pili cha chai na cha tatu. Sikukusudia.

Habari ilikuwa hivi. Mpwa wangu Salmin, mwana wa Yeslam, anaoa Alhamisi ya tarehe kumi na sita. Anaoa Ghail, kijiji cha juu ya bonde, ambako hatujakanyaga tangu mwaka wa mafuriko. Wao wanasema tulibomoa boma lao la kuzuia maji. Sisi tunasema boma lilibomoka lenyewe kwa uzembe wao. Miaka kumi na mbili hakuna salamu. Sasa watoto wamependana na wazee wamelegea, ila desturi haijalegea: tukifika lango la Ghail, mshairi wao atatutupia beti, na wetu lazima ajibu. Asipojibu, lango halifunguliwi. Tutageuka na ngoma zetu kama waliokwenda kuuza maji mtoni.

Na mshairi wetu, Mzee Awadh, yuko Jeddah kwa mwanawe anatibiwa macho. Hawezi kurudi.

Basi kila mtu akatazama kikombe chake. Ubeid muuza asali akakohoa. Kikohozi nakijua kile. Mwaka wa themanini na tisa Ubeid alisema mistari miwili kwenye harusi moja, na tangu siku hiyo anatembea kama amebeba minara ya msikiti mabegani. Akakohoa mara ya pili, akanyoosha joho lake. Sikuweza kuvumilia! Mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema kwamba mimi, Karama, fundi chokaa, natunga mashairi kwa siri miaka ishirini sasa.

Yeslam akanikumbatia. Salmin akanibusu kichwani. Ubeid akaomba aonjeshwe mstari mmoja tu, kwa baraka. Nikamjibu kwamba shairi ni kama chokaa. Ukilitumia kabla halijalowa, linapasuka ukutani. Siku kumi na mbili lilowe, ndipo litoke.

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Sijawahi kusema neno zuri kama lile. Inasikitisha kwamba halikuwa shairi.

Nimemweleza mke wangu Muzna. Alikuwa anapeta ufuta. Ameweka ungo chini, amecheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa buibui. Kisha akauliza nimetunga nini mpaka sasa. Nimemwambia nakusanya nguvu.

Jumapili, 5 Novemba

Nimepata daftari. Nimechonga penseli. Nimekaa dirishani, upande wenye upepo, maana washairi hukaa dirishani. Nimeandika: "Ewe mwezi."

Saa nzima imepita. Mwezi haukujibu.

Nimechonga penseli tena. Nimehesabu nyufa za ukuta wa jirani: kumi na saba, na moja mbaya sana, itamwangukia mtu. Nimekwenda kumwonya jirani. Tumekunywa chai. Nimerudi. "Ewe mwezi." Nimeongeza "uliye juu." Nimefuta "uliye juu", maana kila mtu anajua uko wapi.

Muzna amepita na ndoo akachungulia. Amesema mwezi umeshaombwa na kila mtu, umechoka. Nianze na kitu nilichokishika leo kwa mkono.

Leo nimeshika chokaa, penseli na ndevu zangu. Huo si ushairi. Mwanamke huyu alizaliwa na ulimi mwepesi, nyimbo zake za kupeta zinaimbwa na bonde zima, lakini nyimbo za ungo ni jambo jingine. Hapa tunazungumzia lango la Ghail.

Jumatatu, 6 Novemba

Siku njema! Nimekwenda kwa Mwalimu Hadi, aliyefundisha sarufi miaka thelathini na mpaka leo anamsahihisha muadhini. Sikumwambia ukweli wote. Nimesema nina rafiki anayetaka kujifunza kutunga. Amesema huyo rafiki asihangaike na maana. Maana ni mbuzi, vina ni chumvi. Weka chumvi, mbuzi watakuja wenyewe. Akusanye kwanza maneno yote yanayofanana mwisho, kisha ajaze nafasi iliyobaki mbele yake.

Kumbe ni kazi ya fundi! Unaanza na dari, halafu unajenga kuta kuelekea chini.

Nimekusanya maneno sitini na moja. Mpaka adhuhuri nilikuwa na ubeti kamili, mizani nane kila kipande, hesabu ya vidole:

Bibi harusi chumbani,
ngamia yuko njiani,
chokaa iko pipani,
nami niko taabani.

Nimemsomea Muzna kwa sauti ya lango. Amefikiri, mkono shavuni. Amesema mstari wa mwisho ni mzuri sana, kwa sababu ni wa kweli. Ile mitatu nimpe mbuzi.

Nimeudhika. Ngamia yule nilimtafuta asubuhi nzima.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeloa.

Jana nilikutana na Bin Dahman, mwenye ngamia. Amesema sarufi ni ya waliokaa. Shairi halitoki kichwani, linatoka miguuni. Babu yake alitunga mashairi yote juu ya mwendo wa ngamia, na alipozeeka akawa hatoki nyumbani hakutunga tena hata salamu. Tembea, akasema, sema neno moja kila hatua, usitazame chini. Ukitazama chini unakata uzi.

Leo asubuhi nimetembea mitendeni. Mkono mmoja nyuma, macho juu, hatua na neno, hatua na neno. Na Wallahi lilikuja! Nililisikia linakuja kama mvumo wa ngoma mbali: ta-ta-ta-tá, ta-ta-ta-tá. Nikaongeza mwendo kulipokea. Sikutazama chini.

Mfereji wa maji uko palepale ulipokuwa tangu enzi za babu zangu.

Wanawake waliokuwa wanakata majani ya mifugo, na kofia zao ndefu za ukindu, wamesimama safu nzima kutazama. Mmoja ameniuliza kwa adabu zote: Ami Karama, unatafuta maji, au maji ndiyo yaliyokuwa yanakutafuta? Wenzake wakashika mbavu. Mpaka nafika nyumbani, walikuwa wameshanitungia wimbo. Nimeusikia juu ya ukuta. Una vina. Umewachukua muda gani? Robo saa!

Muzna amenipa taulo na chai ya tangawizi. Amesema mwendo ni kweli, Bin Dahman hakukosea. Lakini nitamke kwa sauti kabla sijaandika. Pale ulimi unapojikwaa, pale kata.

Nimemwambia leo nimejikwaa vya kutosha.

Ijumaa, 10 Novemba

Ubeid ameningojea mlangoni mwa msikiti. Ameuliza, mbele ya watu, chokaa inaendeleaje, imelowa? Nimesema imelowa kabisa. Amesema ameona mwenyewe, Jumatano, ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kanzu. Watu wamecheka. Nimecheka nao, ili nisionekane nimeumia. Nimeumia.

Kisha nikasikia kwa binamu yangu kwamba Ubeid anatunga. Kwa siri! Tangu jana, kila baada ya swala anajifungia chumba cha juu, akisemasema peke yake. Anajiandaa, ili nikishindwa langoni aruke mbele. Nyoka wa asali!

Mtu akiwa fundi chokaa ana faida moja: akionekana juu ya paa la mwenzake, hakuna anayeuliza. Nimechukua ndoo na brashi, nimepanda paa la nyumba ya pembeni, nimelala kifudifudi juu ya dirisha la Ubeid. Na nimemsikia! Sauti ya chini, ya kubembeleza. Sikuwa na karatasi. Nimeandika kwa mkaa mkononi, kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko:

"Rudi nyumbani, binti wa wafalme. Nimekufukizia udi. Nimekufagilia mlango. Nani atakupenda huko milimani kama nilivyokupenda mimi? Njoo na wote ulioondoka nao, sitauliza neno."

Mwili umenisisimka. Kwa mara ya kwanza nimemhurumia Ubeid. Kumbe ana moyo! Halafu nikakumbuka kwamba ni adui, nikateremka haraka kabla jasho halijayafuta maneno.

Nimemsomea Muzna mkono wangu. Amesikiliza mpaka kwenye kiwiko. Amesema ni maneno mazuri kuliko yote Ubeid aliyowahi kusema maishani. Kisha akanieleza kwamba kundi moja la nyuki wa Ubeid lilihama asubuhi ya jana, likajishikiza kwenye mkunazi nje ya dirisha lake, na kutwa anamwomba malkia wao arudi mzingani.

Nyuki! Nimekwenda kuiba shairi, nimeiba barua ya nyuki.

Lakini Muzna hakucheka. Amesema, unaona? Mtu akihitaji kitu kwelikweli, maneno hujipanga yenyewe. Wewe, Karama, unahitaji nini pale langoni?

Nimesema nahitaji Ubeid asisimame pale badala yangu. Amesema hilo halitoshi hata nusu ya mstari.

Nimenawa mikono. Mkaa hautoki.

Jumapili, 12 Novemba

Aibu! Naandika haraka.

Nimepaka chokaa chumba cha wageni kwa Yeslam, kwa ajili ya harusi. Ukuta mkubwa, mtupu, mweupe nusu. Mshairi yeyote angeshawishika. Nilichukua kipande cha mkaa nikaanza kuandika ukutani, nikijua nitapaka juu yake baadaye. Na bila daftari, bila kukaa dirishani, maneno yalimwagika! Tatizo ni kwamba maneno yaliyomwagika yalikuwa ya kuwatukana watu wa Ghail. Nilikuwa napasha ulimi moto tu. Kwamba vichwa vyao ni mitungi. Kwamba boma lao lilijengwa na kuku. Beti tatu safi, nadhani bora kuliko zote.

Nikaitwa kula. Wali, samaki mkavu, achari. Nikaongeza sahani.

Niliporudi, wageni wawili walikuwa wameketi chumbani juu ya mkeka mpya. Wazee wa Ghail! Wa kwanza kukanyaga kwetu baada ya miaka kumi na mbili. Wameleta sanduku la bibi harusi, na Yeslam ameona awakaribishe kwenye chumba kizuri kuliko vyote. Wameketi wakitazama ukuta. Walikuwa wanasoma.

Sikusalimu. Nilishika brashi nikauvamia ukuta kama unaungua. Nilipaka kulia, nikapaka kushoto, nikapaka mkono wa kanzu ya mzee aliyekuwa karibu. Huyo ni Ami Mahfudh, mjomba wa bibi harusi. Yeslam amesimama mlangoni na birika la kahawa, rangi yake imekuwa kama ya ukuta.

Ami Mahfudh ametazama mkono wake. Ametazama mahali palipokuwa na mitungi. Akasema polepole kwamba kipande cha pili cha ubeti wa tatu kinapungua mizani moja. Akaaga, akaondoka na chokaa yangu mpaka kwao.

Yeslam hajasema nami neno. Angenitukana ningeona nafuu.

Alasiri Salmin amekuja nyumbani. Nilijua atagomba. Hakugomba. Ameketi, amezungusha kikombe mkononi bila kunywa. Akasema: "Mjomba, ujanani mwangu wote nimepita nyuma ya mlima kwenda sokoni, ili nisipite Ghail. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Sitaki mwanangu aje apite huko. Baba yangu na baba wa bibi harusi wako tayari kusalimiana, ila kila mmoja anangoja pawe na kisingizio. Kisingizio ni wewe. Kama huwezi, niambie leo, nimwombe Ubeid. Sitakuvunjia heshima."

Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa hapa, kooni. Siwezi, mwanangu. Neno moja, hata vina halihitaji.

Nimesema: naweza.

Amenibusu kichwani mara ya pili. Mara hii pameungua.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimemwomba Muzna anitungie. Basi! Nimesema. Heshima imekwisha, mke wangu, nitungie beti mbili nizikariri.

Amekataa. Amesema akinipa nitaanguka kwenye mstari wa pili, kwa kuwa mstari usioota kinywani mwa mtu huteleza kama jino la kuazima. Lakini ameacha kazi yake, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni, ameketi mbele yangu na sinia la tende za kuchambua. Akaniuliza, siku ya mafuriko ulikuwa wapi?

Nilikuwa juu ya paa, nikasema, kama kila mtu. Akauliza uliona nini. Nikasema niliona maji. Akasema Karama, kila mtu aliona maji. Wewe uliona nini?

Basi nikamweleza. Niliona milango ya Ghail inapita, na magodoro, na sufuria moja iliyokaa wima kama inakwenda kupika. Na juu ya mlango mmoja nikaona mbuzi jike mwekundu, sikio moja limechanika, amesimama anatafuna kamba kama abiria aliyezoea safari. Mlango ukanasa kwenye mitende yetu. Nikashuka nikamtoa. Maji yalipokauka hatukuwa tunasemezana tena na Ghail, basi hakuna aliyemrudisha. Akazaa. Wanawe wakazaa. Leo nenda zizi lolote hapa kwetu, nusu ya mbuzi ni wekundu.

Muzna ameacha tende. Amenitazama kama siku zile tulipokuwa wachumba. Akasema: "Hilo ndilo. Liseme hivyohivyo, kisha ukate nusu."

Nimemwambia, mke wangu, hii ni harusi. Lango limejaa wazee wenye majambia ya fedha. Siwezi kusimama mbele yao nikazungumza habari za mbuzi! Hapa panatakiwa panga, paa wa nyikani, nyota.

Amerudi kwenye tende zake. Amesema, haya, nenda na nyota zako.

Jumatano, 15 Novemba

Nimemaliza! Beti kumi, mistari arobaini. Nimetumia maneno yote sitini na moja ya Mwalimu Hadi isipokuwa "kabatini." Kuna mapanga saba, paa watatu, nyota hazihesabiki, na mwezi nimeurudisha, juu kabisa, mahali pake.

Nimemsomea Muzna yote. Imechukua muda, kuku wameshaingia bandani. Mwishoni ameuliza kama kuna mtu yeyote ndani ya shairi hilo. Nimesema kuna Zuhura. Akauliza Zuhura yupi. Nimesema nyota.

Siwezi kulikariri. Si neno. Nitalisoma kwenye karatasi, nitaikunja ndani ya mshipi.

Ubeid amekuja, huwezi kuamini, na kichupa cha asali ya mkunazi. Amesema nyuki wamerudi, moyo wake umetulia, na anataka koo langu kesho liwe laini, kwa ajili ya kijiji. Nimetafuta hila machoni mwake. Sikuiona. Ndiyo maana nina hakika ipo. Nimempa kuku mmoja aonje kwanza. Kuku yu mzima, anaimba.

Nimekitia kichupa ndani ya mshipi, karibu na shairi, ili vyote viwe tayari.

Alhamisi, 16 Novemba

Nitaandika kwa mpango.

Tumetoka baada ya swala ya alasiri, wanaume wote, ngoma mbele, Salmin katikati na hina viganjani. Tumepita njia ya bondeni, njia ya haki, ambayo magugu yamefika magotini. Hakuna aliyesema kitu kuhusu magugu. Yeslam alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Lango la Ghail limefungwa. Juu yake wanawake, mbele yake wanaume, na katikati mshairi wao, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, sauti kama shaba. Ngoma zikanyamaza. Akatutupia:

Enyi mlio langoni, semeni mwatoka wapi?
Miaka kumi na mbili, mlikuwa njia ipi?
Maji yalikata boma, na undugu uko wapi?

Watu wake wakaupokea mstari wa mwisho, wakaurudia mara tatu. Undugu uko wapi. Nimeona Yeslam ameinama. Nimemwona baba wa bibi harusi, kule ng'ambo, naye ameinama. Wote wananingoja mimi.

Nikatia mkono kwenye mshipi.

Kizibo cha kichupa kilikuwa kimetoka. Mistari yangu arobaini ilikuwa tofali moja la asali. Nilivuta kona, ikatoka kona. Nilifungua katikati, nikaona neno "jangwani" na sisimizi. Nikavuta tena, karatasi ikanata kwenye vidole, nikatikisa mkono, haikutoka. Mtoto mmoja juu ya lango akacheka. Mshairi wao akatabasamu kidogo, tabasamu la kumngoja maiti aamke.

Nikamtazama Salmin. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amefumba macho tu, kama mtu anayesubiri kofi. Nikawaza ile njia ya nyuma ya mlima. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Na pale, Mungu ni shahidi, sikutaka kumshinda Ubeid, sikutaka kitu kingine chochote duniani ila lango lile lifunguke. Mdomo ukafunguka kwanza:

Mbuzi wenu alikuja, kaelea hadi kwetu,
tukamlisha mabua, akaolewa na wetu.
Sasa wajukuu wake wamejaa zizi letu,
mbuzi wameshaoana, tumechelewa wenzetu!

Tabasamu la mshairi wao likakatika. Nikasema moyoni, Karama, umewatukana tena, na mara hii hakuna brashi.

Halafu nyuma yangu sauti moja nene ikaudaka mstari: "Mbuzi wameshaoana, tumechelewa wenzetu!" Ubeid! Ubeid mwenyewe, mikono juu, akiurudia kwa nguvu zote. Vijana wetu wakamfuata. Ngoma ikaingia. Na kule juu ya lango wanawake wakapiga vigelegele, na vicheko, na mara nikasikia mstari wangu unaimbwa na watu wa Ghail, wanaume wenye majambia ya fedha, wanaimba habari za mbuzi!

Ami Mahfudh akasukuma watu akanijia usoni. Akauliza kwa ukali: mbuzi huyo alikuwa mwekundu? Nikasema ndiyo, ami. Sikio la kushoto limechanika? Nikasema ndiyo. Alikuwa wa mama yangu, akasema. Alimlilia kuliko alivyolilia nyumba. Midomo ikamtetemeka, nikajua nimekwisha. Kumbe anacheka. Akacheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi na kanzu ya harusi, akanivuta nami nikaketi, akawa anauliza wako wangapi, na wana afya, na kama kuna aliyerithi tabia ya kula kamba. Nikasema wote, ami. Wote.

Nilipoinua macho lango lilikuwa wazi. Yeslam na baba wa bibi harusi walikuwa wameshikana mikono, hakuna anayejua nani alinyoosha kwanza, na kila mmoja alikuwa anasema neno lilelile: karibu, karibu, kana kwamba wote ni wenyeji.

Nimekaa mbele kabisa, wali wangu umewekewa nyama ya bega. Ubeid amekaa kushoto kwangu, akiwaambia watu kwamba siri ilikuwa asali.

Ijumaa, 17 Novemba

Muzna amenipikia mkate wa tende. Wanawake walisikia kwa vijana, wakamsimulia yote kabla sijafika. Hakusema nilikwambia. Ameuliza tu, kwa upole, nadhani ni kitu gani kilinisaidia.

Nimefikiri kwa haki. Nimemwambia ni vina vya Mwalimu Hadi, vilivyonipa msingi. Halafu nyota. Zilikuwa hazionekani, lakini zilikuwa ndani ya karatasi, na karatasi ilikuwa kwenye vidole, na kutoka kwenye vidole zikapanda. Zaidi ya yote ni kipaji, ambacho mtu huzaliwa nacho.

Ameninyang'anya mkate nusu. Amesema amekata, kama inavyotakiwa.

Jumamosi, 18 Novemba

Asubuhi wamekuja vijana wawili kuomba ushauri, jinsi ya kutunga. Nimewakaribisha dirishani. Nimewaambia waanze na mwezi, wasipungue mistari arobaini, na wasiwasikilize wake zao. Mmoja hajaoa, nimemwambia awahi kuoa ili apate wa kutomsikiliza. Wameandika kila kitu. Watoto wenye akili.

Adhuhuri nimealikwa Ghail, chakula cha wakwe. Sasa napita njia ya bondeni kama mwenye nayo. Tulipomaliza kula, baba wa bibi harusi amelalamika kwamba pampu yao ya kisima, ile ya dizeli, imekufa tangu Jumatatu, na fundi wake yuko safarini. Mashamba yanakauka. Watu wakatazama vikombe vyao. Kijana mmoja wa kwao, mwenye mafuta mikononi, akakohoa.

Nimewaambia pampu niachieni mimi. Nimekulia ndani ya pampu!

Wamenikumbatia wote. Kijiji kizima kitakuwa kisimani kesho saa mbili asubuhi. Nimeazima bisibisi kwa jirani. Ni kifaa kizuri, kizito. Nimemuuliza Muzna, kwa kupitia tu, kama anajua dizeli huingilia upande gani.